Mkuyu wa Mtoni na Mtini wa Chunguni



Nabii Isaya, katika sura ya 9, aya ya 9 na ya 10, atupa habari za watu wa Samaria waliojivuna mioyoni mwao. Nyumba zao za matofali zilikuwa zimebomoka; wakasema si neno, watajenga upya kwa mawe ya kuchonga. Mikuyu yao ilikuwa imekatwa; wakasema si neno, mahali pake wataweka mierezi. Ni maneno machache, na msomaji mwenye haraka huyapita akaendelea na sura. Lakini sisi wa Makuyuni hatuwezi kuyapita, kwa sababu nabii ametaja mti wetu.

Jina la mahali petu latoka katika makuyu, matunda ya mkuyu. Wala si sisi peke yetu tulio na jina hilo. Kuna Makuyuni ya Monduli, kwenye njia panda ya kwenda Manyara. Kuna Makuyuni ya Moshi Vijijini, upande wa Himo. Kule Kenya, katika Murang'a, kuna mji wa Makuyu, na wengi husema kwamba hata jina la Wakikuyu lina asili yake katika mti huu. Kila mahali palipoitwa hivyo, aliyepaita kwanza aliona mkuyu kabla hajaona nyumba.

Twaandika haya kwa sababu jambo lililo mbele ya parishi yetu ni lile lile la Samaria. Kama wengi wenu mjuavyo, imeletwa hoja kwamba mkuyu ule mkubwa ulio kando ya kijito, chini ya kiwanja cha kanisa, ukatwe. Magogo yake yachome matofali ya nyumba mpya ya kasisi, na mahali pake pasafishwe na kuzungushiwa ua, pawe bustani ya kupigia picha maarusi. Katika bustani hiyo ipandwe miti ya mapambo, na wa kwanza uwe ule mtini wa kigeni tuliopewa na ndugu zetu wanaokaa Dar es Salaam, ambao sasa umo ndani ya chungu karibu na birika la ubatizo. Baraza limelizungumza jambo hili bila kulimaliza, nao mkutano wa Wakristo wote ndio utakaoamua. Basi ni vema kila mmoja afike mkutanoni akiwa amekwisha kufikiri.

Na tuanze na mti huo wa chunguni, maana wengi wameuuliza. Wataalamu wauita Ficus lyrata. Hapa kanisani watu wameuita mtini wa kinubi, na hawakukosea, kwa kuwa jani lake limebanwa katikati na kutanuka juu mfano wa kinubi, na hiyo ndiyo maana ya jina lake la kitaalamu. Jani moja laweza kufika urefu wa sentimita 45, nalo ni gumu kama ngozi. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi, tangu Sierra Leone hadi Cameroon. Huko ni mti mkubwa, na mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine: mbegu hudondoka juu ya tawi, ikaota pale pale, kisha mche hushusha mizizi yake kidogo kidogo mpaka ikafika ardhini. Leo watu wa Ulaya na Marekani huununua kwa fedha nyingi wauweke sebuleni karibu na dirisha. Humo ndani ya chungu hauzai karibu kamwe, wala hakuna anayeudai matunda. Umewekwa kwa ajili ya majani.

Je, ni kosa kuupenda mti kwa ajili ya majani yake? Sivyo hata kidogo. Sulemani alipojenga hekalu alichora mitende na maua kwenye kuta zake pande zote, kama tusomavyo katika 1 Wafalme 6:29, na wala mitende ile ya kuchorwa haikuzaa tende hata moja. Sisi wenyewe hupamba altare kwa maua ambayo jioni yamekwisha nyauka. Nyumba ya Mungu haikukatazwa uzuri. Zawadi ya ndugu zetu ni njema, nasi twawashukuru kwa moyo. Kosa la watu wa Samaria halikuwa kupenda mierezi. Mwerezi ni mti wa heshima katika Maandiko. Kosa lao lilikuwa kusema kwamba mkuyu ukikatwa si neno.

Mwaonaje, kwa nini nabii ahesabu neno hilo kuwa kiburi? Katika nchi ile mkuyu ulikuwa mti wa watu wa kawaida. Mbao zake ziliezekea nyumba zao, na makuyu yake yalikuwa chakula cha maskini. Mfalme Daudi aliweka msimamizi maalumu wa mizeituni na mikuyu ya nchi tambarare. Habari hiyo imo katika 1 Nyakati 27:28. Mwerezi uliletwa kutoka Lebanoni kwa gharama, ukawa mti wa majumba ya wakubwa. Basi walioyasema maneno yale walikuwa watu wenye uwezo wa kununua mierezi. Hatusomi kwamba maskini waliokuwa wakiokota makuyu waliulizwa shauri. Na mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuri, pamoja na mawe yake ya kuchonga.

Hapo kabla, Mungu alikuwa amekwisha kuwapelekea watu hao mhubiri aliyeijua mikuyu. Huyo ni Amosi. Kuhani wa Betheli alipomfukuza, Amosi alijibu kwamba yeye si nabii wa kuzaliwa, bali ni mchungaji na mtunza mikuyu (Amosi 7:14). Watu wengi hudhani kazi hiyo ilikuwa kumwagilia maji au kupalilia. La. Kazi ya mtunza mikuyu katika nchi zile ilikuwa kupanda juu ya mti na kuchanja makuyu moja moja kwa kisu. Mgiriki Theophrastus, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliandika habari za mikuyu ya Misri kwamba makuyu yasipochanjwa kwa chuma hayaivi, na yakichanjwa huiva siku ya nne. Mtu hupanda, huchanja kuyu hili na hili na hili, mamia kwa mamia, huku utomvu mweupe ukimganda mikononi. Ni kazi ya kuchosha, na haina sifa. Kutoka kazi hiyo Amosi alikwenda kuwaambia matajiri habari za vitanda vyao vya pembe za ndovu.

Sasa twauliza: mbona sisi hatuchanji makuyu hapa Makuyuni, nayo huiva yenyewe? Tangu utoto wetu tumeyaona yameshikamana kwenye shina na matawi manene kama vishada, yakigeuka rangi na kuanguka, tumbili wakiyagombania mchana na popo usiku, na hakuna aliyepanda juu na kisu. Jibu la swali hili ni mojawapo ya mambo ya ajabu katika kazi za Mungu, nasi tutalieleza kwa kirefu kidogo.

Kuyu si tunda kama embe. Ni kama mfuko uliofungwa, na maua yamo ndani, mamia kwa mamia, yakitazamana gizani. Ndiyo sababu hakuna mtu aliyepata kuuona mkuyu ukichanua. Nyuki hawezi kuyafikia maua hayo, wala kipepeo. Awezaye ni nyigu mdogo mno, ambaye urefu wake ni kama milimita 2 tu. Wataalamu humwita Ceratosolen arabicus. Jike huingia kwa kitundu kilicho mdomoni mwa kuyu, na njia ni nyembamba hata mabawa yake hukatika mlangoni. Akiisha kuingia, hatoki tena. Amekuja na chavua ya mkuyu aliozaliwa, huyapa maua chavua hiyo, hutaga mayai yake katika baadhi ya maua, kisha hufa humo humo gizani. Watoto wake wakikomaa, madume ambao hawakupewa mabawa hutoboa njia, na majike hutoka wakiwa wamebeba chavua, waende kutafuta mkuyu mwingine. Wana siku moja au mbili tu za kuishi.

Mkuyu una nyigu wake, na kila mtini wa porini una nyigu wa namna yake. Mtini ukihamishwa kupelekwa mbali, na nyigu wake akabaki nyuma, waweza kuota, kunenepa na kupendeza, lakini hautapata mbegu njema. Ndiyo hali ya mikuyu ya Misri na Palestina. Wataalamu wa miti huuhesabu mkuyu kuwa mti wa Afrika, uliopelekwa huko zamani za kale. Mti ulifika, lakini nyigu wake abebaye chavua hayupo. Kwa hiyo huko hupandwa kwa vipandikizi, mkono wa mtu hadi mkono wa mtu, na kazi ya kuivisha ikawa ya Amosi na kisu chake.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi na siku zetu. Katika miaka ya 1880 wakulima wa California, kule Marekani, walileta mitini bora ya Smyrna, mji wa Uturuki ambao sasa waitwa Izmir. Miti ilistawi, ikapendeza macho, ikatoa tini changa, na tini zote zikapukutika. Mwaka baada ya mwaka zikapukutika. Wengine walidhani wameuziwa miti mibaya. Ilikuwa mwaka 1899 ndipo walipofaulu kumleta nyigu mwenyewe na kumkalisha huko, na baada ya hapo miti ikazaa. Miti haikuwa na ubaya wowote. Ilikosa yule mdogo asiyeonekana.

Hapo twamkumbuka mtini wa Luka 13, uliopandwa katika shamba la mizabibu, na mwenye shamba akaja miaka 3 akitafuta matunda asiyapate. Hatuambiwi kwamba majani yalikosekana. Mwenye shamba aliuliza matunda, naye akataka ukatwe. Lakini mtunza shamba alisema uachwe mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia mbolea. Wako Wakristo wa majani, nasi twawajua, na pengine asubuhi tukijitazama katika kioo twawajua zaidi. Viti vya mbele ni vyao, nguo ni nyeupe, na sauti ya kuitikia Litania ni nzuri. Tusiwakate. Lakini tuulize ni nini kilichobaki nyuma walipohamishwa kutoka dunia kuingia kanisani.

Na Kanisa letu lenyewe lilikuja likiwa katika chungu, kama mti wa kigeni. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walilileta pwani, wakaleta Magila katika nchi ya Bonde katika karne ya 19, na wengi wao walizikwa hapa hapa kwa homa. Heshima yao haipungui tukisema kwamba mti wao usingezaa kwa mikono yao peke yao. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtoto wa utumwa akakombolewa, alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misioni hiyo. Nyuma yake walikuja walimu waliotembea kijiji hata kijiji, wenye kitabu kimoja na fimbo, wakifundisha watoto chini ya miti. Majina yao wengi hayakuandikwa popote. Waliingia katika kazi kama yule nyigu aingiavyo katika kuyu, na hawakutoka. Mwaka 1970, Kanisa la Jimbo la Tanzania lilipopata askofu mkuu wake wa kwanza, John Sepeku, mbegu ilikuwa imekwisha kushika zamani. Hata leo, mwataka kujua parishi yetu inazaa kwa nani? Msitazame madhabahuni tu. Mtazameni mama afuaye nguo za altare Ijumaa, na mzee aendaye kwa baiskeli kumsomea mgonjwa Zaburi.

Turudi kwenye mkuyu wetu wa mtoni. Mwaka 2009 wataalamu walitoa habari za mikuyu iliyo kando ya mto Ugab, katika jangwa la Namibia. Walipima chavua kutoka mti hata mti wakaona kwamba nyigu hao, wakichukuliwa na upepo, waliibeba kwa wastani kama kilomita 88, na mbali kabisa kilomita 160. Hiyo ya mwisho ni zaidi ya mwendo wa kutoka Korogwe hadi Tanga mjini. Kumbe mkuyu mmoja wa kijitoni kwetu si mali ya Makuyuni tu. Waweza kuwa na jamaa zake kando ya mto Pangani na katika mabonde ya Handeni, nao hupelekeana chavua usiku sisi tukiwa tumelala. Na kwa kuwa nyigu huishi siku moja au mbili, lazima wakati wote pawe na mkuyu mwingine karibu ulio tayari kumpokea. Mikuyu huzaa kwa zamu, huu ukimaliza ule huanza, kusudi nyigu asikose nyumba. Tukikata huu, na jirani akakata ule kwa ajili ya mkaa, na wa tatu akafyekea bustani ya nyanya, mwisho utabaki mkuyu mmoja ulio mkubwa na wenye majani, na nyigu wake hayupo. Utakuwa mti wa mapambo katika nchi yake yenyewe.

Wako ndugu wanaosema, na hatuwadharau, kwamba mkuyu ule una historia mbaya. Zamani watu walipeleka tambiko chini ya mikuyu. Walimwaga pombe, waliacha unga na kitambaa. Husema kuukata ni kumshinda Shetani. Tena wamesoma, hutukumbusha Mtakatifu Bonifasi, ambaye karibu na mwaka 723 aliukata mwaloni wa miungu kule Geismar katika Ujerumani, na mbao zake akazijengea kanisa. Ni kweli, alifanya hivyo, naye alikuwa Mwingereza, wa ukoo wa imani yetu. Lakini miaka 100 na zaidi kabla yake, mwaka 601, Papa Gregori Mkuu aliandika barua kwa Abate Mellitus, ili impate Agostino wa Kantaberi, aliyekuwa akiwahubiri Waingereza. Alisema mahekalu ya wapagani wale yasibomolewe. Zivunjwe sanamu tu. Nyumba zinyunyiziwe maji yaliyobarikiwa, ziwekwe altare, ili watu waje kumwabudu Mungu wa kweli mahali walipozoea kukusanyika. Kama ushauri ule haungefuatwa, pengine Kanisa la Uingereza lililotuletea Injili lingekuwa na historia nyingine. Sisi twaona Gregori amejua mioyo ya watu. Mtu aogopaye mzimu wa mkuyu, ukiukata mkuyu, huondoka na woga wake akautafutie mti mwingine. Afadhali tumpeleke chini ya mkuyu huo huo, tumwimbie Bwana pale, aone kwamba hakuna anayemdhuru.

Tena Bwana wetu hakuupita mkuyu. Pale Yeriko (Luka 19) alifika chini yake, akatazama juu, akamwita Zakayo kwa jina. Fikirini jambo hili: mti ule wa Yeriko, kwa ukoo wake, ulitoka Afrika. Ulikuwa mgeni kama huu wetu wa chunguni. Tofauti ni kwamba ulipandwa njiani, ardhini, mahali ambapo mtu mfupi mwenye dhambi aweza kuukwea bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuna awezaye kukwea mti ulio ndani ya chungu. Na Zakayo aliposhuka hakuahidi kupamba bustani. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kurudisha mara 4 alichokuwa amedhulumu.

Sasa tuseme mambo ya nyumba ya kasisi, maana hatutaki kasisi wetu alale penye kuvuja. Nyumba yahitajiwa, na kwa upesi. Lakini mtu yeyote aliyepika kwa kuni ajua kwamba mkuyu ni mti mwepesi. Wazee waliuchongea ngoma na mizinga kwa sababu hiyo, na Wamisri wa kale walifanyizia majeneza. Kuni zake huwaka upesi zikaisha upesi. Kuzitegemea kwa tanuri ya matofali ni kujidanganya, na tanuri ikishindwa katikati tutakuwa tumepoteza mti na matofali pamoja. Siku hizi yako matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yafyatuliwayo kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini pasipo kuchomwa. Vijana wetu waweza kuyafyatua. Gharama ya saruji tuichange, nasi twapendekeza mavuno ya mahindi ya mwaka huu yatolewe debe moja kwa kila nyumba iwezayo.

Liko na jambo la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu zenye kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Kijito chetu kiko hatua chache tu kutoka shinani. Bustani yenye ua pale ingetuingiza katika mashauri, na Kanisa halipaswi kungoja afisa alifundishe.

Wanaoteka maji wajua neno lililo kubwa kuliko sheria. Wangari Maathai, mwanamke wa Kenya aliyeanzisha kazi ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 2006 habari za mtini wa kwao Nyeri, ambao Wakikuyu huuita mugumo. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake, akisema ni mti wa Mungu. Karibu na mti palikuwa na kijito, na yeye akiwa mtoto alicheza humo na mayai ya vyura. Alipokwenda masomoni Marekani na kurudi, alikuta mwenye shamba ameukata mtini apate nafasi ya chai, na kijito kimekauka. Baadaye alifahamu kwamba mizizi ya mti ule ilikwenda chini sana, ikaushika udongo na kuyafungulia maji njia ya kupanda juu. Mama yake hakusoma elimu hiyo popote. Alijua tu kwamba mti usikatwe. Akina mama zetu hapa, wanaochota maji pale kijitoni wakati wa kiangazi visima vikiwa vikavu, nao wajua hivyo. Katika baraza hakuna aliyewauliza, na twaomba waketi mbele siku ya mkutano.

Mtini wa kinubi nao usitupwe. Si kosa lake kuwa mzuri. Twashauri utolewe chunguni upandwe ardhini, upande wa mashariki wa kiwanja, mbali na ukuta wa kanisa na bomba la maji, maana mizizi ya jamaa ya mitini haijui kuomba hodi. Maarusi watapigwa picha hapo, na watoto watapata kivuli.

Kwa mikuyu mipya, Jumamosi ya kwanza baada ya mvua za masika kuanza, tukutane kijitoni saa 1 asubuhi. Kipandikizi kiwe tawi lililonyooka, nene kama mkono wa mtoto, likatwe siku mbili kabla na kuwekwa kivulini mpaka utomvu wake ukauke. Tutapanda kando ya maji, hatua 20 kati ya mche na mche, na kila nyumba itapewa mmoja wa kuulinda na mbuzi kwa kuuzungushia miiba. Kasisi atabariki. Watoto wa Shule ya Jumapili waje na ndoo. Panga ziachwe nyumbani, isipokuwa moja, ya mzee wa kanisa.